Siku Sita za Kumtafuta Kereng'ende wa Amani

Siku ya kwanza: Tanga hadi Kisiwani

Tuliondoka Tanga asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Januari, wakati upepo wa kaskazi umekwisha kushika. Tulikuwa watatu: mimi, ninayefundisha baiolojia katika shule ya sekondari, pamoja na vijana wawili niliowafundisha zamani, ambao sasa wako chuoni wakisomea misitu. Tulibeba darubini, kipimajoto cha maji, daftari na fomu za kuhesabia. Hatukubeba wavu, kwa sababu kibali chetu kilikuwa cha kutazama na kuandika tu, na kwa kiumbe tuliyekuwa tukimfuata nisingependa kibali cha aina nyingine.

Tulipokuwa tukisubiri basi lijae, tuliona juu ya uwanja wa mpira ulio jirani na stendi kundi la kereng'ende wa rangi ya manjano iliyofifia, wakipita huku na huku bila kutua. Kijana mmoja akasema kwamba safari yetu imeanza vizuri. Nikamwambia kuwa hao ni ndugu wa mbali sana wa yule tunayemtafuta. Hao wa uwanjani huitwa Pantala flavescens, na wanapatikana karibu kila nchi yenye joto. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson, aliyekaa miaka mingi katika visiwa vya Maldivi, alieleza kwamba kereng'ende hao huonekana kule kuanzia mwezi wa Oktoba wakitokea upande wa India, na kwamba huivuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki wakisaidiwa na pepo za msimu. Wazee wetu wa pwani waliyajua majahazi yaliyoshuka na kaskazi yakitokea Arabuni na India. Kumbe angani, kwa upepo uleule, walikuwa wakisafiri pia wadudu wasiofikia urefu wa kidole.

Kereng'ende wa Amani, kwa upande wake, haendi popote. Jina lake la kisayansi ni Amanipodagrion gilliesi, na katika dunia nzima hajawahi kuandikwa mahali pengine isipokuwa katika misitu ya Amani na Zigi, kwenye safu ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Mmoja anavuka bahari na mwingine hakuvuka hata bonde la kwenda Usambara Magharibi, milima ambayo siku ya anga safi unaiona kwa macho. Nimekulia Tanga, na nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba tuna jirani wa namna hii.

Muheza tulinunua machungwa, tukabadilisha gari, tukaacha lami. Barabara ya Amani hupita kwanza katika mashamba ya Wabondei, minazi na michungwa, kisha huanza kupanda na hewa kubadilika. Tulifika Kisiwani alasiri na kulala katika nyumba ya wageni ya hifadhi, karibu na mto Zigi.

Siku ya pili: Zigi

Lango la kuingilia hifadhi lipo kwenye jengo lililokuwa la kituo cha reli. Wajerumani walijenga njia ya reli kutoka Tengeni hadi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kwa ajili ya kuteremsha magogo. Reli iling'olewa zamani, nyumba ya mkuu wa kituo ikabaki, na sasa ndani yake kuna picha na maelezo ya misitu. Nilisimama pale nikiwaza kwamba njia iliyochongwa ili kuutoa msitu huu nje sasa ndiyo njia ya kuingilia kuutazama.

Mwongozaji wetu ni mzee wa hapa hapa, Msambaa, ambaye ameandamana na watafiti wa ndege, wa vyura, wa miti na wa wadudu kwa miaka mingi. Sisi tulimwita Mzee, naye aliniita Mwalimu tangu alipojua kazi yangu. Kabla hatujaingia msituni alituuliza swali moja: "Mwalimu, mnataka kumwona huyo kereng'ende, au mnataka kumjua?" Nilijibu kwamba tunataka yote mawili. Akasema tuanze na la pili, kwa sababu la kwanza halina ahadi.

Siku nzima ikawa darasa. Wataalamu huwagawa kereng'ende katika makundi mawili makubwa: wale wanene wenye nguvu, ambao hutua wametandaza mabawa, na wale wembamba kama sindano, ambao wengi wao hutua wameyakunja mabawa juu ya mgongo. Kiswahili huwaita wote kereng'ende, na kwa mazungumzo ya kawaida hilo halina ubaya wowote. Kamusi zetu hulitumia neno hilohilo hata kwa aina ya kwale mwenye miguu myekundu. Kereng'ende wa Amani yumo katika kundi la wembamba. Katika jenasi yake yuko peke yake, hana ndugu hata mmoja, na mwaka 2021, baada ya wataalamu kulinganisha vinasaba vya kereng'ende wa dunia nzima, alipewa familia yake mwenyewe, Amanipodagrionidae. Kwa hiyo akitoweka, hatutapoteza tawi dogo katika mti wenye matawi mengi, bali shina zima lenye jani moja. Nilipowaambia vijana jambo hilo walinyamaza kwa muda, na mimi mwenyewe sikuwa na la kuongeza.

Mzee alitupeleka kwenye kijito cha kwanza, kisicho cha kereng'ende wetu, ili tuzoeshe macho. Mtu aliyetoka kwenye jua haoni kitu katika kivuli cha msitu wa Zigi kwa dakika kadhaa. Kisha mawe yanatokea, kisha mizizi, kisha vitu vinavyotembea. Juu ya jiwe lililotokeza katikati ya maji tulimwona dume wa Platycypha auripes, mmoja wa kereng'ende wenye asili ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ambayo Usambara ni sehemu yake. Sehemu ya pili ya jina lake maana yake ni "miguu ya dhahabu". Madume wa jenasi yake huwaonyesha majike miguu yao huku wakiruka mbele yao, na maonyesho hayo huishia hapo hapo kijitoni, kwa sababu jike akishachagua anatafuta mti uliooza ndani ya maji na kutaga humo.

Mzee alichutama akageuza jiwe dogo kwa uangalifu, akatuonyesha kiluwiluwi wa kereng'ende mwembamba, mwenye matamvua matatu mkiani yaliyofanana na vijani, kisha akalirudisha jiwe kama lilivyokuwa. Alisisitiza kwamba hapa ndipo penye maisha ya mdudu huyu. Kereng'ende tunayemwona akiruka yuko katika sehemu ya mwisho ya umri wake. Sehemu kubwa huishi chini ya maji, akiwinda viluwiluwi vya mbu na wadudu wengine, akivua ngozi mara nyingi kadiri anavyokua. Kwa hiyo tope likishuka na kuziba nafasi zilizo kati ya mawe, au sumu ya kuulia magugu ikiteremka kutoka shambani, hakuna mtu atakayeona mzoga wowote. Ataona tu kwamba mwaka unaofuata hakuna wanaoruka.

Siku ya tatu: kupanda Amani

Tulipanda kwa miguu, na ilituchukua sehemu kubwa ya siku. Mbega walitutazama kutoka juu, na hondohondo walipita na kelele zao za mabawa ambazo mtu asiyezizoea hudhani ni mashine. Njiani kulikuwa na dughulushi, lile ua dogo la zambarau la kwenye miamba, ambalo dunia nzima hulipanda katika vyungu vya madirishani na wachache hujua kwamba kwao ni huku.

Amani kwenyewe ni mahali pa majengo ya zamani katikati ya miti. Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia mwaka 1902, pamoja na bustani ya mimea yenye miti kutoka pande nyingi za dunia. Katika miti iliyoletwa upo Maesopsis eminii, ambao uliwapenda ndege, ndege wakaupenda, wakazisambaza mbegu zake, na leo umo msituni kila penye uwazi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza walichukua taasisi, na katikati ya karne iliyopita Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki.

Hapa ndipo jina la kereng'ende wetu linapoanzia. Miongoni mwa watafiti wa mbu waliofanya kazi Amani alikuwamo Mwingereza Mick Gillies, bingwa wa mbu wa jenasi ya Anopheles, ambaye nje ya kazi yake ya malaria aliwatazama pia wadudu wa vijitoni. Kereng'ende aliyempata hapa alielezwa kisayansi mwaka 1962 na Elliot Pinhey, mtaalamu wa kereng'ende wa Afrika, ambaye aliunganisha jina la mahali na jina la mwenzake. Nimelipenda sana jina la jenasi hiyo. Ndani ya neno refu la Kilatini na Kigiriki limekaa neno la Kiswahili ambalo kila mtoto analijua, na litakaa humo maadamu sayansi inaendelea kuandikwa, hata kama mwenye jina hayupo tena.

Nilikaa jioni kwenye ukingo wa bustani nikifikiri juu ya mambo mawili yaliyokutana kwa mtu mmoja. Alikuja kupambana na mbu, naye kereng'ende, akiwa kiluwiluwi na akiwa mzima, anakula mbu. Sisemi kwamba kereng'ende mmoja adimu wa kijito cha msituni anaweza kupunguza malaria ya Muheza, hawezi. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa akitafuta jambo kubwa hakulipuuza dogo lililokuwa pembeni.

Siku ya nne: mvua

Mvua ilinyesha tangu usiku. Kereng'ende hawaruki katika mvua, nasi tulikaa barazani.

Mama mmoja anayefuga vipepeo alipita kujikinga, tukazungumza naye kwa muda mrefu. Wafugaji wa vijiji vya Usambara Mashariki walikuwa wakiwakamata vipepeo wachache, wakiwaweka katika vibanda vya neti penye mimea wanayotagia, kisha wakiuza mabuu yaliyokwisha kujifunga, kwa ajili ya nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, mapato hayo yalikatika. Alisema bila lawama nyingi kwamba wakati ule wa biashara, watu waliilinda miti ya vipepeo hata iliyo nje ya hifadhi, kwa sababu kila mti ulikuwa na bei yake. Nilimuuliza kama anamjua kereng'ende wa Amani. Akasema kereng'ende hana soko, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumfundisha kumtofautisha. Sikumwona amekosea. Hakuna chombo kilichowahi kuja kijijini kumwambia kwamba karibu na shamba lake la iliki anaishi kiumbe ambacho mwaka 2012 kilitajwa mbele ya mkutano wa uhifadhi wa dunia huko Jeju, Korea Kusini, katika orodha ya viumbe 100 vilivyo karibu zaidi kutoweka duniani.

Orodha hiyo iliandaliwa na IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, pamoja na jumuiya ya wanyama ya London, ZSL, na humo idadi ya kereng'ende wetu ilikadiriwa kuwa chini ya 500. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN amewekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa, ambalo baada yake hakuna lingine isipokuwa kutoweka porini na kutoweka kabisa. Sababu zilizoandikwa ni kuharibika kwa makazi yake kutokana na ongezeko la watu na mahitaji yao, pamoja na kuchafuliwa kwa maji. Mama aliinamisha kichwa akihesabu. "Chini ya mia tano," akasema, "ni wachache kuliko watoto wa shule yetu."

Siku ya tano: kijito

Anga lilifunguka. Tulitoka mapema ili tuwe majini jua litakapopanda, kwa sababu kereng'ende wa msituni hungoja miale ipenye kwenye majani ndipo waanze shughuli zao.

Taarifa za kitaalamu za miaka ya karibuni zinamtaja kereng'ende huyu katika kijito kimoja tu. Mahali penyewe sitapaeleza hapa. Wapo wakusanyaji wanaolipa ili kuwa na kitu ambacho mwingine hana, na kwa spishi yenye kundi moja dogo, mkusanyaji mmoja mwenye wavu na wiki moja ya anga safi anatosha kuleta msiba.

Kabla ya kufika tulipita sehemu ya kijito kingine ambapo kingo zimefyekwa, nje ya mpaka, na mihogo imepandwa hadi majini. Jua lilikuwa likiwaka moja kwa moja juu ya mawe. Kila jiwe lilikuwa na kereng'ende mwekundu kama pilipili iliyoiva, wa jenasi ya Trithemis, ambao huonekana kwenye mito ya wazi karibu kila mahali Afrika. Vijana walifurahi, wakatoa simu na kupiga picha, kwa kuwa hatukuwa tumeona wengi namna ile tangu tufike. Mzee alisimama kando bila kusema kitu. Walipomaliza akasema, "Nilipokuwa kijana, hao wekundu hapa hawakuwapo. Hapa palikuwa na giza." Aliweka mkono majini, nami nikaweka wangu. Maji yalikuwa vuguvugu.

Nimesoma habari za viashiria vya mazingira miaka mingi, nimezifundisha, nimezitungia maswali ya mtihani, lakini sikuwa nimezielewa kama nilivyozielewa pale. Mtu akipita mahali hapo bila Mzee atadhani panastawi, maana kuna viumbe vingi, vizuri, vinavyong'aa. Kereng'ende wa msitu hapotei kwa kuacha pengo tupu ambalo kila mtu angelishangaa. Mti wa ukingoni ukikatwa, maji hupata joto na hewa yake hupungua, unyevu wa angani hukauka, na wale waliozoea kivuli hushindwa. Nafasi yao huchukuliwa mara moja na wapenda jua, ambao wako kila mahali na hawahitaji ulinzi wa mtu yeyote. Hesabu ya kereng'ende yaweza hata kuongezeka, na hapohapo dunia ikawa imepoteza aina nzima.

Tulirudi ndani ya msitu, tukakifikia kijito. Ni chembamba, mahali pengi mtu mzima anaweza kukiruka. Maji yalikuwa baridi na meupe, yakipita katikati ya mawe yenye kuvu, na juu yake miti ilikuwa imefungana. Mzee alitupanga kila mmoja mahali pake, akatukataza kutembea ndani ya maji, akatutaka tuketi kimya hadi atakapotuita. Tuliketi kuanzia kabla ya saa nne hadi saa nane mchana.

Niliona mengi katika saa hizo. Niliona Platycypha wengine wawili, na kereng'ende mmoja mnene aliyepita mara moja juu ya maji na hakurudi. Mnamo saa sita, ng'ambo ya kijito, chini ya jani pana lililoinama, niliona kitu chembamba, kirefu, cheusi, kikining'inia bila kutikisika. Nilipoinua darubini, mwale wa jua ulikuwa umehama na chini ya jani hakukuwa na kitu. Kilikuwa kereng'ende, kilikuwa kijiti, sijui, na kitu kisichojulikana hakiandikwi kwenye fomu.

Tuliporudi, Mzee alitueleza habari za dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uvumi wa dhahabu ulienea katika vijito vya milima hii, na watu wengi walimiminika kutoka mikoa mbalimbali, wakachimba kingo na kuchekecha mchanga wa majini hadi ndani ya eneo la hifadhi, ambayo wakati ule haikuwa hata na miaka kumi tangu itangazwe mwaka 1997. Mto Zigi uliteremka na tope. Wengi Tanga tunakumbuka rangi ya mto huo bila kukumbuka sababu yake. Maji ya mjini kwetu hutoka bwawa la Mabayani, na Mabayani hujazwa na Zigi, na Zigi hukusanya vijito kama hiki tulichoketi kandoni mwake. Nimeyanywa maji haya tangu utotoni. Kereng'ende wa Amani na mimi tumelelewa na maji yaleyale, yeye yakiwa bado baridi, mimi yakiwa yamekwisha kupita bomba.

Siku ya sita: kuteremka

Asubuhi tulipitia fomu ofisini kabla ya gari la Muheza kufika. Kijana aliyekuwa akiandika alikuwa amejaza tarehe, saa, hali ya anga, joto la maji na kivuli, na katika safu ya Amanipodagrion gilliesi alikuwa ameandika "hayupo". Mzee alivaa miwani, akaisoma fomu yote taratibu kuanzia juu, akafika hapo akaomba kalamu.

"Neno hili, mwanangu, hatuna haki nalo," alisema. Alilikata kwa mstari mmoja ulionyooka, ili bado lisomeke kama kanuni inavyotaka, akaandika kando yake "hakuonekana", akatia sahihi yake ndogo. Kisha alitazama kalenda ya ukutani, tukakubaliana turudi mwishoni mwa masika, kwa siku kumi.